Usingoje Dalili

Muheza, Tanga

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umetimiza miaka 31, huumwi popote, hivyo huoni haja ya kupima saratani ya mlango wa kizazi. Nimekuwa mkunga mpaka nikastaafu, tena ni shangazi yako, basi niache niseme wazi.

Kutoumwa ndiyo sababu yenyewe ya kwenda. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hiyo, huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukipata bila kujua. Hakiwashi wala hakileti homa. Aina zinazootesha masundosundo sehemu za siri huonekana kwa macho, lakini kwa kawaida hizo sizo zinazoleta saratani. Zinazoileta, hasa aina ya 16 na ya 18, hukaa kimya. Mara nyingi mwili hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikigoma kutoka, huanza kuharibu seli polepole, na saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwenye VVU huja mapema zaidi.

Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa au kati ya hedhi moja na nyingine, ukiona uchafu wenye harufu mbaya, au nyonga zikiuma bila kukoma, nenda hospitali mara moja. Huenda ni jambo jingine, lakini kama ni saratani, mara nyingi imeshatangulia. Kupima hukuwezesha kuyawahi mabadiliko kabla hayajawa saratani.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Utalala kitandani, muuguzi ataweka kifaa cha kupanulia uke, atapaka siki hafifu kwa pamba na kusubiri kama dakika moja. Panapogeuka peupe ndipo penye mabadiliko, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kinachowarudisha wengi mlangoni ni haya, nawe unajua mficha uchi hazai. Usiende tu ukiwa kwenye hedhi. Ukikuta wanapima kirusi chenyewe, chukua kipimo hicho, maana ni sahihi zaidi.

Ukiambiwa una kirusi, usimgombeze mumeo, wala usikubali akugombeze. Kirusi hiki hujificha miaka mingi, hakuna ajuaye kiliingia lini. Na kuwa nacho si kuwa na saratani.

Binti yako akifikisha miaka tisa, achanjwe dhidi ya HPV. Serikali ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, tena bure. Akishakua naye atapima, kwani chanjo haizuii aina zote.

Nenda wiki hii. Ukitoka, nipigie unitajie majibu na tarehe ya kurudi. Nitaiandika kwenye kalenda yangu, maana wewe nakujua, utaisahau.

Wako akupendaye,
Shangazi