Kwa Anayetaka Kusomea Sheria

Neno wakili lilikuwamo katika Kiswahili kabla Kenya haijawa na chuo chochote cha sheria. Wafanyabiashara wa pwani walilitumia kwa mtu aliyeachiwa mali, deni au neno la mwenziwe, alisimamie kana kwamba ni lake mwenyewe. Halikuwa na maana ya msemaji hodari, wala ya mtu mwenye fedha nyingi. Lilikuwa na maana ya mtu aliyeaminiwa. Naanza na neno hili kwa sababu vijana wengi wanaotamani kusomea sheria hulikumbuka joho, wakalisahau neno.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, si mwanasheria. Lakini kila mwaka, wakati wanafunzi wa kidato cha nne wanapochagua masomo ya chuo kikuu, watatu au wanne hunijia na kusema, "Mwalimu, nataka kusomea sheria." Nami huwauliza sababu. Wa kwanza hujibu kwamba yeye ni bingwa wa midahalo. Wa pili hujibu kwamba mawakili ni matajiri. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mpole kuliko wenziwe, hujibu kwamba shangazi yake alinyang'anywa shamba. Sababu zote tatu huzisikiliza bila kuzicheka, maana hata sababu ndogo yaweza kumfikisha mtu mbali. Lakini mwenye kuanza safari yafaa aijue njia, na njia hii ni ndefu kuliko inavyoonekana kwa macho.

Kwanza ni shahada ya sheria, ambayo huchukua miaka 4 katika chuo kikuu. Mwenye shahada hiyo hajawa wakili bado. Yampasa aingie Shule ya Sheria ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1963, asome kwa mwaka mmoja, afanye mtihani wa masomo 9, tena akae miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Ndipo anapoweza kusimama mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kutiwa katika daftari la mawakili. Katika masomo yale 9 hufundishwa namna ya kuendesha mashauri ya madai na ya jinai, mambo ya mirathi, uandishi wa hati, uhamishaji wa ardhi, shughuli za biashara, na maadili ya kazi. Alama ya kufaulu ni 50 kwa 100, na si wachache wanaorudia somo moja au mawili, hata miongoni mwa waliosifiwa sana chuo kikuu. Karo nayo hulipwa mara mbili: kwanza chuo kikuu, kisha katika Shule ya Sheria. Mzazi auzaye ng'ombe ili mwanawe aingie chuo kikuu yafaa aambiwe mapema kwamba ng'ombe wa pili atatakiwa.

Kuhusu alama za kuingilia, sheria ya Shule hiyo iliyotungwa mwaka 2012 ilitaja wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari, na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Liangalieni neno lile dogo "au". Masharti ya namna hii hubadilika, na watu hushindana mahakamani juu ya maana yake. Kwa hiyo kijana asitegemee uvumi wa bwenini. Na aitafute sheria yenyewe, aisome kwa macho yake. Akifanya hivyo, amekwisha kuianza kazi anayoitamani.

Njia hiyo, pamoja na urefu wake, wazee wetu hawakuipata. Zamani za ukoloni, Mkenya aliyetaka uwakili ilimlazimu kuvuka bahari. C. M. G. Argwings-Kodhek, mmoja wa mawakili wa kwanza Waafrika katika Kenya, alisomea Uingereza, akarudi akawatetea watu walioshtakiwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mwaka 1961 chuo kilifunguliwa Dar es Salaam, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Huko ndiko alikosoma Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya toka mwaka 2011 hadi 2016. Masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza mwaka 1970. Leo kijana aweza kusoma sheria bila kuiacha nchi yake, naye asiione neema hiyo kuwa kitu kidogo.

Jambo la pili la kujulikana ni kwamba kazi ya mwanafunzi wa sheria ni kusoma, wala si kusema. Bingwa wa midahalo atashangaa kuona jinsi anavyokaa kimya muda mrefu mbele ya vitabu. Atashangaa zaidi kuona kwamba, hapa Kenya, anasomeshwa habari za konokono wa Scotland. Mwezi wa Agosti mwaka 1928, katika mkahawa mmoja wa mji wa Paisley, bibi mmoja aliyeitwa May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa haikuonyesha kilichomo ndani. Bibi huyo alidai kwamba, baada ya kunywa kiasi, mabaki ya konokono aliyeoza yalimiminika kutoka chupani, naye akaugua. Kwa kuwa hakukinunua yeye, hakuwa na mapatano na muuzaji wala na mtengenezaji. Je, aliweza kumdai mtengenezaji? Mwaka 1932 majaji wa mahakama ya juu ya Uingereza, watatu dhidi ya wawili, walikubali kwamba aliweza, kwa sababu mtu atengenezaye kitu cha kutumiwa na wengine ana wajibu wa kuwahadhari hata wale asiowajua. Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe, maana shauri lilikwisha kwa mapatano.

Mwanafunzi atauliza, "Konokono huyo ananihusu nini?" Jibu ni kwamba sheria yetu inayohusu kazi ya mahakama iliruhusu kanuni za Waingereza zitumike hapa, pamoja na baadhi ya sheria zao zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, lakini kwa kadiri tu hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Katika maneno hayo ya mwisho ndimo akili inamotakiwa. Kwani mwanafunzi yule yule atasoma pia habari za S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo ukataka kumzika kwao Siaya. Mwezi wa Mei mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kumzika. Mila na kanuni za kigeni zilikutana juu ya jeneza moja. Anayesoma shauri kama hili akaona upande mmoja tu hajalisoma bado. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni huku kusoma maneno ya mtu usiyekubaliana naye mpaka uweze kuyaeleza vizuri kama alivyoyaeleza mwenyewe.

Jambo la tatu sikulipata kitabuni. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mama yangu, ambaye ni mjane, aliletewa karatasi nyumbani. Ilikuwa na muhuri, na maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Aliyeileta alimwonyesha mahali pa kutia kidole gumba, akaenda zake. Mama alidhani ni habari ya kodi. Akaifunga katika leso pamoja na risiti zake za kahawa, akaningojea likizo. Kumbe ilikuwa hati ya kuitwa mahakamani: mtu mmoja alidai nusu ya shamba alilotuachia marehemu baba. Siku za kujibu zilipita, na hukumu ikatolewa mama asipokuwapo. Niliporudi niliweza kuisoma karatasi ile neno kwa neno, lakini elimu yangu haikuweza kumwambia mama afanye nini.

Tulikwenda mjini kwa wakili mmoja, mwanamke kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati. Alimwambia, "Karibu mama, keti. Nieleze tangu mwanzo, wala usiache kitu." Mama alianza na siku ya harusi yake. Nilitaka kumkatiza, lakini wakili alininyamazisha kwa mkono. Alisikiliza muda wa saa nzima, na katikati ya habari za harusi na mazishi mama akaitaja minyaa iliyopandwa mpakani, na jina la mzee aliyekuwapo ilipopandwa. Hapo ndipo wakili alipoishika kalamu. Kisha alisema, "Mama, mahakama haijakataa kwamba shamba ni lako. Imeamua kwa sababu haikukusikia. Tutaiomba iifute hukumu hiyo, ikusikie." Maneno hayo mama aliyarudia sokoni, kanisani na kisimani, bila kukosea hata moja. Ombi lilikubaliwa, na mzee wa minyaa alitoa ushahidi. Shauri lilichukua miaka 2, na mama alibaki na shamba lake, ila kipande chembamba upande wa mto kilikwenda. Sikumwuliza wakili yule alipata alama ngapi chuoni. Niliona tu kwamba alijua kusikiliza, na kwamba aliweza kuyageuza maneno ya mahakama yakawa mali ya mtu asiyejua kusoma.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu wasiidharau lugha yao wanapokwenda kusomea sheria kwa Kiingereza. Sheria ya kuendesha mashauri ya madai hutaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha hizo mbili kuwa rasmi. Tena imeagiza kwamba anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoifahamu, na kwamba mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Lakini haki iliyoandikwa haijitafsiri yenyewe, na wakili asiyeweza kuzungumza na mteja wake amemwacha nje ya mlango wa shauri lake mwenyewe.

Aliye hodari wa midahalo, basi, na ajifunze kunyamaza. Anayetafuta utajiri na ajue kwamba wapo mawakili wanaohangaika na kodi ya ofisi kila mwezi. Na yule wa shangazi na akumbuke kwamba ipo siku ataletewa mtu anayechukiwa na mji mzima, naye atatakiwa amsimamie kwa uaminifu ule ule, kwa kuwa mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe.

Likizo ijayo kijana anayetaka kazi hii na aende katika mahakama iliyo karibu naye. Mashauri mengi husikilizwa mbele ya watu wote, wala hakuna kiingilio. Na akae benchi la nyuma tangu asubuhi mpaka adhuhuri, achague shauri moja, aliandike kwa mistari 10 ya Kiswahili, kisha amsomee nyanya yake. Nyanya akielewa, na akitaka kujua lilikwishaje, mjukuu ana mwanzo mwema.