Nilikuwa Nauza Nyimbo Nisizozisikia

Kuna miaka ambayo mimi na familia yangu tulikula kwa jasho la watu ambao sikuwajua hata majina. Nilikuwa na kibanda Sinza, Dar es Salaam: kompyuta moja, spika mbili, benchi la wateja, na kazi yangu ilikuwa kuweka nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Mteja anataja anachotaka au anasema tu, "Nijazie," nami namjazia. Bongo Fleva ilikuwa na folda yake, taarabu yake, Kongo yake, injili yake, kaswida yake. Nyimbo za bendi zetu za zamani nilizirundika zote katika folda moja niliyoiita Zilipendwa. Humo hamkuwa na jina la bendi wala la mwimbaji, ni nambari tupu. Kibanda changu kilikuwa karibu na kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Kila siku nilipandia na kushukia hapo, na sikuwahi kujiuliza huyo Remmy ni nani.

Ajabu ni kwamba nilijiona mpenzi wa muziki kuliko wote mtaani. Masikio yangu hayakukosa spika za simu tangu asubuhi. Nilijinyima ili nilipe kiingilio cha matamasha makubwa, na msanii alipopanda jukwaani na pleibeki, sauti ya studio ikiimba naye akirukaruka na kipaza sauti, nilipiga kelele pamoja na wenzangu na kurudi nyumbani nimeridhika. Sikujua kwamba kuna kitu nilikuwa sikipati.

Siku moja mwaka 2011 alikuja mzee mmoja mwenye baraghashia, simu yake ndogo imefungwa raba. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza, "Una Sikinde?" Nikasema ipo. Nikafungua folda ya Zilipendwa, nikabonyeza nambari iliyokuwa juu. Mzee akasikiliza kidogo sana, hata mwimbaji hajaanza.

"Hawa si Sikinde, mwanangu. Hawa ni Juwata."

Nikamjibu kwamba zote ni zilipendwa tu, mzee wangu. Hakukasirika. Aliketi kwenye benchi akaniambia niweke inayofuata, na inayofuata. Hawa Vijana Jazz. Huyu Mbaraka Mwinshehe, hapa yuko na Morogoro Jazz. Hawa ndio Sikinde wenyewe, sikiliza magitaa. Mimi nikawa naandika majina katika daftari la mauzo, na kusema kweli niliandika kwa sababu niliona folda yenye majina itauzika zaidi. Alipomaliza alilipa, akainuka, akasema, "Jumapili Sikinde wanapiga DDC Kariakoo. Njoo nikuoneshe." Nikaenda. Nilikwenda kwa ajili ya biashara.

Ukumbi ulikuwa na watu wachache, viti vya plastiki vingi vitupu. Wanamuziki walikuwa wa umri wa baba yangu, wamevaa mashati ya sare, wanarekebisha nyuzi bila haraka. Nyimbo za kwanza zilinipita. Kwangu zilikuwa zilezile za kwenye kompyuta, ila zina mwangwi. Nadhani mzee aliona ninavyochungulia simu, maana alinishika mkono akasema karibu na sikio langu, "Usisikilize wimbo. Mshike mmoja. Yule pale wa besi, mfuate yeye mpaka mwisho. Wengine waachie."

Nikamfuata. Mpiga besi alikuwa amefunga plasta kwenye kidole cha shahada, na macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa kwenye mguu wa mpiga dramu. Nilitegemea besi ivume mfululizo kama ilivyovuma kwenye spika zangu. Haikuvuma. Alipiga noti chache, akanyamaza, akaacha shimo, na ndani ya shimo lile tumba likaingia. Akarudi, akaacha tena. Kumbe kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya kazi. Wimbo uliofuata mzee akanielekeza kwenye magitaa. Miaka yote nilidhani ninasikia gitaa moja linalocharazwa haraka sana, na sasa nikaona watu wawili, solo na solo la pili, mmoja anapanda na mwenzake anamjibu chini yake, hawapigi kitu kimoja hata kidogo, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nyuma yao wa ridhimu amewashikilia wote. Mwimbaji alikuwa anasimulia habari za ndoa iliyovunjika kwa maneno ya majirani, taratibu, kama mtu anayetoa malalamiko yake barazani. Alipofika mwisho wa kisa chake dramu ikageuka, chemko, ile sehemu ya kasi, likaingia, tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, vikapokezana, na watu waliokuwa wamekaa kimya tangu jioni wakainuka wote.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wimbo ule nilikuwa nao. Ulikuwa na nambari. Nilikuwa nimeshauuza sijui mara ngapi.

Mzee akatoa noti ya buku, shilingi elfu moja, mfukoni mwake, akanipa. "Nenda kamtunze yule wa besi." Nilipanda pale mbele na magoti mazito, nikamwekea mpiga besi noti kwenye mfuko wa shati. Akainamisha kichwa, mikono haijaacha nyuzi, akasema, "Ahsante sana, mwanangu." Mtu niliyekuwa nakula kwa jasho lake bila kumpa senti alinishukuru kwa noti ambayo hata haikuwa yangu. Sikuistahili shukrani ile. Mpaka leo sijui namna ya kuieleza vizuri zaidi ya hapo.

Laiti ningeweza kusema niliacha kesho yake. Sikuacha. Kodi ya kibanda ilikuwa inadai, mtoto alikuwa anaanza shule. Jumapili nilikuwa shabiki wa mbele ukumbini, na Jumatatu nilikuwa nauza. Nikajitafutia na utetezi. Mzee alikuwa amenieleza jinsi bendi hizi zilivyoishi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, hadi ikabaki Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani. Nyimbo walizirekodi Redio Tanzania, nchi nzima ikazijua kwa moyo, lakini hatukuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani za santuri, na nyingi katika nyimbo hizo hazikuwahi kuwekwa dukani mtu akazinunua. Basi nikajiambia: mimi ninawasaidia wasisahaulike. Kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ukweli ule kidogo ndio uliniweka pale kwa muda mrefu. Ndugu msomaji, kama nawe una utetezi wa namna hiyo, najua unavyotuliza.

Mwaka 2013 mwimbaji Mzee Muhidin Gurumo alitangaza kustaafu. Alikuwa ameimba kwa takriban miaka 50 katika bendi za NUTA, Mlimani Park, Safari Sound, kisha Msondo tena. Nilibahatika kumwona jukwaani kabla hajaacha, na sauti ile nzito iliyopondeka kidogo ilinifanya nielewe kwa nini wazee huinua kidole juu wanapoisikia. Habari za kustaafu kwake zilikuja na habari ya pili: baada ya kazi ya umri wote, hakuwa hata na gari. Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamzawadia gari. Kibandani kwangu siku hizo ndiyo ilikuwa mada. Vijana walibishana, mmoja akasema ni aibu ya taifa, mwingine akasema ni aibu ya mashabiki. Kisha mmoja wao akanipa memori kadi: "Kaka, nijazie za Gurumo." Nikamjazia. Akanipa buku, nikaipokea.

Noti ile niliikalia siku nzima. Usiku nikamweleza mke wangu, nikitegemea atanikumbusha kodi. Alisema, "Kama imekunyima usingizi, iache. Tutaona." Nikafuta folda zote, nikabaki na chaja, kava za simu na vocha. Mapato yalishuka vibaya, na kwa kipindi kirefu mandazi aliyokuwa akichoma mke wangu alfajiri ndiyo yalitulisha. Hakunilaumu hata mara moja. Wateja walinicheka, wakahamia kibanda cha jirani. Gurumo alifariki Aprili 2014. Wiki ile sikuuza wimbo wake hata mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichoma nilipokuja kulijua. Nilimwuliza mzee habari za kituo chetu, huyo Remmy ni nani. Akanitazama kwa muda. Remmy Ongala, akasema, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, akaimba habari za wanyonge, na kwa kuwa alikaa pale watu wakakiita kituo kwa jina lake. Muziki wake ulimfikisha hadi majukwaa ya WOMAD huko Uingereza. Alifariki Desemba 2010. Nikakumbuka Desemba ile. Mtaa ulikuwa na msiba, na mimi nilifurahia kwamba kuna folda fulani inauzika kuliko kawaida.

Yaliyofuata nimepewa tu. Sikuyafanyia kazi. Sikio likishafunguka upande mmoja, halikubali kuishia hapo. Remmy alinipeleka Makassy, Makassy wakanipeleka kwa Maquis, nao ni Wakongo waliohamia mjini kwetu, na Maquis wakanirudisha kwa Franco na OK Jazz, ambao nilidhani nawajua. Mzee aliponiambia kwamba Wakongo wenyewe walizinyonya sahani za Kuba zilizokuja na meli, ndipo nilipoelewa kwa nini Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Nilisikiliza nyimbo za Havana kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na nikakuta ndani yake lile shimo la besi ambamo tumba huingia. Nilitokwa na machozi pale pale kwenye daladala.

Kisha nikavuka maji. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Zanzibar kila Februari tangu 2004, isipokuwa mwaka 2016 fedha zilipokosekana, na sharti lao ni moja ambalo ningependa kila mwandaaji wa Bara alichukue: jukwaani ni muziki wa kupigwa, pleibeki hakuna. Ndani ya Ngome Kongwe, kuta za matumbawe pande zote, nilisikiliza bendi ya Afrika Magharibi ikiimba kwa lugha ambayo sikuijua hata neno moja. Miaka ya nyuma ningetoka nikatafute pweza Forodhani. Safari hii nilimtafuta mpiga besi, nikamshika, na baada ya muda nilikuwa nyumbani. Taarabu nayo, ambayo niliiuza kwa gigabaiti nikiiona ni mipasho ya akina mama, niliikuta huko ikipigwa kwa kanuni, udi, nai na fidla, na wasikilizaji wa Unguja wakienda kutunza mmoja mmoja, bila kusukumana, kila mtu kwa mstari uliomgusa yeye. Nilifikiria noti ile ya mzee, na nikaenda kutunza kwa ya kwangu.

Bongo Fleva sijaiacha, na namwomba kijana anayesoma haya asidhani namwita aache chake. Ninaipenda kuliko zamani, maana sasa nasikia nani anapiga na nani amebonyeza tu kitufe, na msanii wa leo anapopanda na bendi kamili nakuwa wa kwanza kulipa kiingilio.

Na bado najifunza. Mzee, ambaye sasa namwita baba na hanikatalii, amenipa kazi mpya: mpiga ridhimu. Anasema besi ni ya wanaoanza. Ridhimu ni ngumu kuifuata kwa sababu haipumziki wala haijioneshi, na kila Jumapili nampoteza mtu wangu chemko linapoingia, tarumbeta zinanichukua. Tukitoka baba huuliza, "Umefika naye wapi?" nami humwambia ukweli. Ukitaka kuja nawe, fika mapema kabla watu hawajawa wengi, kaa upande ambao mikono ya wapiga gitaa inaonekana, na uwe na noti ndogondogo mfukoni.