Kuhamisha diski bila kumhamisha mtu

Kwenye kompyuta moja ya zamani tunayoiita seva, hapa Base Camp, Nakivale, kuna vyeti vya kuzaliwa, diploma za sekondari kutoka Kivu, kadi za chanjo za watoto, na sauti za wazee waliotusimulia vijiji vyao. Vyote vilikuwa kwenye diski moja. Moja tu. Na sisi tunajua karatasi zako zote kukaa sehemu moja maana yake nini: nyumba ikiungua, hata jina lako unaanza kulitafutia mashahidi.

Nawaandikia nyinyi mnaotunza kompyuta kwenye vituo vya vijana, na ndugu zetu wa mashirika mnaotuulizaga kwa nini hatutumii klaudi. Bando, jamani. Bando.

Dawa ya diski moja ni RAID 1. Diski mbili zinaandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Uzuri ni kwamba aliyetuwekea seva aliiweka na LVM tangu mwanzo. LVM inakaa katikati ya mafaili na diski, kwa hiyo faili halijui limelala kwenye chuma gani. Unaweza kubadilisha chuma huku watu wanaendelea kufungua mafaili yao.

Njia rahisi ni kununua diski mbili mpya. Pesa yetu ilitosha moja, tukaitoa Mbarara. Wengi hapo wanakata tamaa, lakini programu ya mdadm inakubali kuanzisha RAID ya mguu mmoja: unataja diski mpya, na kwenye nafasi ya pili unaandika missing, yaani mwenzake hajafika. Juu ya RAID hiyo unafanya pvcreate, unaiingiza kwenye kundi lako kwa vgextend, halafu pvmove inabeba vipande kimoja kimoja kutoka diski ya zamani. Ikimaliza, vgreduce inaitoa ile ya zamani, pvremove inaifuta alama, na mdadm inaipokea kama mguu wa pili.

Pima ukubwa kwanza. RAID inakula nafasi kidogo kwa ajili ya kumbukumbu zake, kwa hiyo kama diski ya zamani imegawiwa yote mpaka mwisho, vipande havitaenea. Na patisheni ya diski mpya isizidi ya zamani, maana ya zamani ndiyo itakuja kujiunga baadaye. Ikiwa ndogo, inakataliwa.

Kama mfumo wenyewe uko ndani ya LVM hiyohiyo (wetu uko pembeni), hakikisha initramfs inaijua RAID kabla ya pvmove, na GRUB iwepo kwenye diski zote mbili.

Sasa hatari. pvmove inasoma kila kipande chenye kitu kwenye diski iliyochoka, na diski iliyochoka hupenda kufia hapo. Halafu wakati RAID inanakili kwenda mguu wa pili, ile ya zamani inaandikwa upya, na kila ulichonacho kiko kwenye diski mpya peke yake. Lazima uwe na bakapu kabla hujagusa kitu.

Diski ya nje tuliyoazimwa ilikuwa ndogo. Ilitosha karatasi, au sauti, siyo vyote. Tulibishana sana. Dada mmoja akasema karatasi ndizo watu wanazisubiri kwa shule na kazi. Mwingine akamjibu kwamba karatasi unaweza kuomba nyingine, sauti ya mtu aliyekufa utaiomba wapi? Mimi nilikuwa upande wa karatasi, maana wengi wetu hatuna pa kuomba nyingine. Mwishowe tuliingiza karatasi zote, na sauti za wazee wawili waliokwisha kututoka. Zilizobaki tuliziacha zisafiri bila bakapu. Sikulala vizuri.

Kazi ikiwa katikati, umeme wa sola ukakata. Mawingu tu. Hapo nilifurahi kuijua pvmove: inaweka alama inapofika. Umeme uliporudi tuliwasha, tukaandika pvmove peke yake bila neno lingine, ikaendelea ilipoishia. Muda wote umeme ulipokuwepo watoto walikuwa wanafungua vitabu vyao kwenye seva ileile, hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa diski zote mbili ziko kazini, unaziona kwenye /proc/mdstat. Lakini ukifuta faili leo, linafutika kote kuwili, na mwizi akija anabeba kompyuta nzima. Ndiyo maana tunachangia diski kubwa ya nje ikakae Juru, ibadilishwe kila mwezi. Tunatafuta mtu anayepandaga huko mara kwa mara. Na kama una karatasi hujaiskani, tupo kila Jumamosi mchana, jua likiwaka.