Kuonja Pombe ya Ndizi Kidahwe

Asafiriye kwa gari kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu huagana na Ziwa Tanganyika mapema sana. Hupanda kutoka Mwanga, hupita Mwandiga ambako barabara ya Manyovu hujitenga kuelekea mpaka wa Burundi, kisha huendelea katikati ya michikichi na mashamba ya mihogo mpaka Kidahwe. Hapo ni njia panda. Barabara moja hushika njia ya Kasulu, mwendo wa kilometa 63, na kuendelea Kibondo hadi Nyakanazi. Nyingine huelekea Uvinza, nchi ya chumvi, na mbele yake Tabora. Wasafiri walio wengi hawashuki Kidahwe. Hununua ndizi na karanga kupitia dirishani, hulalamika kidogo juu ya bei, na gari huondoka. Leo, ndugu msomaji, nakuomba ushuke.

Sikuiti kutazama mandhari, ingawa yapo. Nakuita ukae kitako katika kilabu cha pombe ya kienyeji, uonje pombe ya ndizi kwa utaratibu, mbele ya mtu aijuaye. Kuonja si kunywa. Mnywaji hutafuta mwisho wa kibuyu, lakini mwonjaji hutafuta habari iliyomo ndani yake. Nawe usiyegusa kileo, kwa dini au kwa hiari yako, usigeuke. Kikombe cha kwanza ni chako kabisa, na habari nitakayokueleza mwishoni yamhusu kila mwenye mgomba nyumbani kwake.

Usifike asubuhi ukidhani utahudumiwa. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 imeweka saa za kufungua vilabu, na saa za kazi ni za kazi. Njoo jua likishaanza kulegea. Utakuta kibanda cha nguzo, paa la bati au nyasi, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya miaka mingi, na nyuma yake migomba. Salimu kwanza, tena usisalimu kwa haraka. Waha ni watu wa salamu ndefu. Wazee hupigiana makofi laini kwa heshima, huulizana habari za nyumbani, za watoto na za mifugo, na ajaye na haja yake mdomoni kabla ya salamu huonekana hakulelewa. Mwambie mama mwenye kilabu, “Shikamoo mama.” Akikujibu, “Marahaba mwanangu, karibu,” umeshapata kiti.

Mweleze kwamba hukuja kulewa, bali umekuja kujifunza. Atacheka, na huenda akamwita mzee mmoja wa pembeni aje asaidie, kwani kwa desturi ya nchi hizi za maziwa makuu kukamua ndizi ni kazi ya wanaume, na kuuza na kuhesabu fedha aghalabu ni kazi ya mama. Kabla hujapewa chochote, mmoja wao ataonja mbele ya macho yako. Ndiyo desturi: anayetoa hutangulia kunywa, mgeni ajue kwamba hana la kuogopa.

Kikombe cha kwanza ni maji ya ndizi yasiyochacha. Ndizi za pombe hazipikwi wala hazisifiwi mezani. Ni za aina yake. Hukatwa zingali mbichi, hutiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, hufunikwa, na joto la moto mdogo huziivisha pamoja kwa siku chache. Kisha humenywa na kumiminwa katika hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi wa wavuvi, zikakandwa pamoja na nyasi ngumu hata zitoe maji. Nyasi zile si uchafu, ndizo chujio lenyewe. Bila hizo utapata uji usiotaka kuachana na maji yake. Onja. Ni tamu tamu isiyo ya sukari ya dukani, nzito ulimini, na nyuma yake kuna harufu ya jani lililopata moto. Watoto huipenda sana, na hapana mama awakatazaye.

Kikombe cha pili ni cha siku ya kwanza baada ya maji yale kuongezwa maji ya kisima na unga wa mtama uliokaangwa. Hapa mzee hatakuambia unywe. Atakuambia usikilize. Tega sikio karibu na mdomo wa mtungi uliofunikwa majani, utasikia mchemko mdogo kama mvua ya mbali juu ya majani: hiyo ni hamira ikila sukari na kutoa hewa. Onja kidogo tu. Utamu bado upo, lakini umeanza kuchomwa. Tumbo lisilozoea halipendi kikombe hiki, na mwenye kilabu mwaminifu hakiuzi.

Kikombe cha tatu ndicho kilichokuleta. Siku ya pili au ya tatu pombe imetimia. Itazame kwanza: rangi ya kahawia iliyofifia, chembe za mtama zikielea juu. Inuse kabla ya kuigusa kwa mdomo. Utapata ndizi iliyoiva mno, moshi wa mtama, na ukali mdogo kama wa tunda la ukwaju. Sasa chukua funda moja, uliweke mdomoni hata ulimi uzoee, kisha umeze. Atakayekuongoza atakuuliza swali moja tu: “Imekushika kooni?” Ikiwa imekushika, basi maji yalizidi au chombo hakikuoshwa vema. Pombe iliyotengenezwa kwa mkono safi hupita, na huacha nyuma yake harufu ya moshi peke yake. Nguvu yake yakaribiana na ya bia ya chupa, pengine pungufu. Pamoja nayo omba migebuka ya kubanika au dagaa waliopanda kutoka Kibirizi. Chumvi ya samaki huuamsha utamu uliokuwa umejificha.

Kikombe cha nne hutolewa kwa kucheka, maana ni cha siku ya nne au ya tano. Ni chachu iliyokwisha kugombana na kila mtu. Utakunja uso. Lakini usikiruke, kwa sababu pasipo hicho huwezi kuelewa maisha ya pombe hii yalivyo mafupi. Huzaliwa Jumatano, hutimia Ijumaa, na Jumapili jioni imekwisha kuzeeka.

Hapo ndipo inapofaa, msomaji, tulinganishe na wenzetu wa mbali. Huko Ayalandi, katika vilabu vya kale vya Dublin vyenye meza za mbao nyeusi, wageni hulipa fedha nyingi ili waonjeshwe wiski kwa utaratibu usiotofautiana sana na huu wa Kidahwe. Mwenye kuongoza hupanga bilauri ndogo, huwaambia wageni waitazame rangi kwenye mwanga, wanuse bila kuzamisha pua, wachukue funda dogo, kisha watie matone ya maji ili harufu ifunguke. Jina lenyewe la wiski limetokana na maneno ya Kiayalandi yenye maana ya maji ya uhai. Tofauti iko katika umri. Sheria yao hairuhusu kinywaji kuitwa wiski ya Ayalandi mpaka kilale ndani ya pipa la mti si chini ya miaka mitatu, nacho hutoka na nguvu ya asilimia 40 au zaidi. Wao hupima kwa miaka, mama wa Kidahwe hupima kwa siku. Ujuzi wa kujua ni wakati gani kinywaji kimetimia ni mmoja.

Na ujuzi huo uliponea chupuchupu. Katika karne ya 19 wiski ya Ayalandi ilijulikana duniani kote. Kisha mambo yakaiandama. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa mtoza ushuru, alisajili mtambo wa kukeneka mfululizo kwa gharama ndogo. Wenye viwanda wakubwa wa Dublin waliudharau, Waskoti wakaupokea kwa mikono miwili. Marekani ikapiga marufuku vileo kuanzia 1920 hadi 1933, na soko likafungwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 viwanda vilivyobaki vikitengeneza wiski katika kisiwa chote vilikuwa viwili tu, Midleton kusini na Bushmills kaskazini. Leo ni vingi tena, lakini vilifufuliwa na watu waliokuta bado wapo wazee wa kuwauliza, na vitabu vya kusoma.

Pombe ya ndizi haina kitabu katika kilabu chochote nilichokiona. Na baadhi ya wageni walioandika habari za ufuko huu waliandika zaidi vinywaji vyao wenyewe. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 alifungua chupa ya shampeni aliyoitoa mbali juu ya vichwa vya wapagazi, na jambo hilo limeandikwa kitabuni. Nani aliyeandika ni siku ngapi ndizi zilale shimoni wakati wa masika, zilipo na unyevu mwingi? Yumo kichwani mwa mzee yule aliyekuuliza habari za koo.

Kuna binamu wa pombe hii ambaye hutaonjeshwa, na usimwombe. Ni gongo. Pombe iliyochacha hutiwa pipani, huchemshwa, na mvuke wake hupitishwa katika bomba lililo ndani ya maji baridi; matone yatokayo ni makali kama ya Ayalandi bila pipa wala miaka. Njia ni ile ile ya wiski. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, basi hutangulia kupanda. Lakini matone ya kwanza kabisa hubeba methanoli, sumu iharibuyo mishipa ya macho, na mkenekaji halali huyamwaga. Anayekeneka gizani akimkimbia polisi hapendi kumwaga kitu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya yule atiaye spiriti ya viwandani ili kuongeza ukali. Huyo ndiye ajazaye wodi na makaburi.

Sheria yetu ya mwaka 1966 iliruhusu ukenekaji kwa leseni tu. Uganda ilitunga ya kwake mwaka 1965, na humo likatoka jina la waragi ya chupa. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Waayalandi nao wana gongo yao, jina lake poitín, iliyokuwa haramu tangu kodi ya mwaka 1661 mpaka iliporuhusiwa mwaka 1997. Mimi siungi mkono gongo ya vichakani. Ila naona ajabu moja: tulipopiga marufuku viroba vya plastiki mwezi Machi 2017 kila mtu alijadili kinachokatazwa, na wachache walijadili kile kinachostahili kubaki. Mama anayeuza pombe safi ya siku mbili, ambayo kwayo amelipa ada na kununua daftari, huhesabiwa kundi moja na muuza sumu.

Sasa ile habari niliyoahidi. Toka nje, ukatazame migomba nyuma ya kilabu. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa Kagera. Huletwa na bakteria. Wadudu huuchukua kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga la mkulima huupeleka mbali zaidi. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukizikata zina madoa ya kutu ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Baadhi ya ndizi za pombe, hasa zile ziitwazo kayinja huko Uganda, hushikwa upesi kuliko za kupika. Hata hivyo mnyauko una dawa ya mikono: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho itokapo, na pitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi, na umekwisha kuonekana ndani ya mkoa huu wa Kigoma, upande wa Buhigwe, baada ya kuitesa Burundi na mashariki ya Kongo kwa miaka mingi. Ni virusi. Majani hudumaa, hutoka membamba yaliyosimama wima na kubanana kileleni kama maua yaliyofungwa kwa kamba, na mgomba ulioshikwa ungali mdogo hauzai kamwe. Hauna tiba; shina lote hung'olewa pamoja na machipukizi yake. Wadudu mafuta huusambaza polepole, lakini aupelekaye kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu mwenye mche mkononi.

Kwa hiyo, ukishaaga na kulipa, huenda mzee kwa ukarimu wake akachimba chipukizi la mgomba wa pombe na kukupa, ukapande kwenu Tabora au Morogoro. Mshukuru kwa mikono miwili. Mwambie umebaki na habari zake zote, na kwamba mche wenyewe utautafuta kwa bwana shamba wa kwenu, palipo na miche iliyopimwa. Kisha panda gari mikono mitupu.