Mahale: Msitu ambako sokwe hujitafutia dawa, na mgeni huvaa barakoa

Hakuna barabara ya gari inayofika kwenye msitu wa sokwe wa Mahale. Mgeni hufika kwanza Kigoma mjini, kisha hupanda boti kuelekea kusini mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Mwenye uwezo zaidi hupanda ndege ndogo na kutua kwenye kiwanja cha hifadhi. Kwa miaka mingi wasafiri wengine walitumia meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo ilisimama ziwani ili abiria washuke kwa mitumbwi.

Njiani upande wa kushoto kuna vijiji vya wavuvi, dagaa wameanikwa mchangani na migazi imesimama nyuma ya nyumba. Kadiri boti inavyosonga, vijiji hupungua na milima husogea karibu na maji. Mlima Nkungwe, wenye urefu wa mita 2,462, ndio mkubwa kuliko yote hapo. Chini yake maji ni maangavu kiasi cha kuona mawe na samaki, na mbali kidogo kutoka ufukweni ziwa linakwenda chini sana, kwani Tanganyika ni la pili kwa kina duniani.

Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, yenye eneo la kilomita za mraba 1,613. Ndani ya hifadhi hii watu hutembea kwa miguu. Kabla haijawa hifadhi, Watongwe waliishi kwenye miteremko hiyo, wakilima, wakivua na kuchuma dawa porini. Elimu yao ya mimea ndiyo iliyowafungulia watafiti moja ya siri kubwa za msitu huu.

Watafiti hao walianza kufika mwaka 1965, wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Walijenga kambi, wakawazoesha sokwe kuona watu, na kila sokwe akapewa jina. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na kwa sababu imedumu zaidi ya nusu karne, leo inajulikana nani ni mama wa nani na nani ni bibi wa nani katika jamii ya sokwe wapatao 60 inayoitwa kundi M.

Chausiku na mti mchungu

Novemba 1987, jike mmoja aliyeitwa Chausiku alionekana mgonjwa. Alikuwa amelegea, hana hamu ya kula, na alilala mara nyingi wakati wenzake wanatafuta chakula. Waliokuwa wakimfuatilia ni Michael Huffman, mtafiti Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyekuwa mganga wa mitishamba na mtu wa kazi katika hifadhi.

Chausiku alikwenda moja kwa moja kwenye mti mmoja mdogo, akavunja tawi changa, akaondoa majani na gome, kisha akatafuna kiini laini cha ndani. Alifyonza maji yake na kutema makapi. Mohamedi aliutambua mti ule mara moja. Watongwe huuita mjonso na huutumia kutibu homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Msomaji wa Kagera anaujua kama mubilizi, na jirani wa Uganda huuita mululuza. Ni mchungu kweli kweli, na si kitu ambacho sokwe mwenye afya hukipa nafasi katika mlo wake.

Siku iliyofuata, baada ya kama saa 24, Chausiku alikuwa ametulia. Alitembea kwa kasi na kula vizuri. Huffman na Mohamedi waliandika walichokiona katika jarida la kisayansi mwaka 1989, majina yao wote wawili yakiwa juu ya makala hiyo. Uchunguzi wa maabara baadaye ulikuta ndani ya mti huo kemikali zenye nguvu dhidi ya vijidudu, na sokwe mwingine aliyefuatiliwa baada ya kutafuna kiini hicho alionekana kupungukiwa sana mayai ya minyoo katika kinyesi chake.

Kuna jambo dogo hapa ambalo mzazi hatakiwi kulipita. Chausiku alitupa majani na gome. Majani ya mti huo yana kemikali nyingine kali zaidi, ambazo kwa kiasi kikubwa zinaweza kuwa sumu. Sokwe hakuchukua mti mzima, alichagua sehemu.

Mohamedi alikuwa na hadithi ya ukoo wake inayofanana na hiyo. Babu yake, aliyekuwa mganga pia, alimwona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mmea ambao wanakijiji waliuogopa kama sumu. Nungunungu akapona. Babu akajaribu mmea ule kwa uangalifu, na ukaingia katika dawa za ukoo. Kwa Watongwe, kwa hiyo, wazo kwamba mnyama anaweza kujitibu halikuwa geni. Sayansi ndiyo ilichelewa kulipokea.

Majani yanayomezwa bila kutafunwa

Njia ya pili ya sokwe ilizua ubishi wa muda mrefu. Mwaka 1983, Nishida na mwenzake Richard Wrangham aliyefanya kazi Gombe waliandika kuhusu tabia ya ajabu: sokwe huchuma jani moja moja la mmea wenye majani ya kukwaruza, hulikunja kwa ulimi, na kulimeza zima. Mara nyingi hufanya hivyo asubuhi, kabla ya kula kitu kingine.

Mwanzoni wanasayansi walidhani jani hilo lina kemikali inayoua minyoo. Lakini majani hayo hutoka kwenye kinyesi yakiwa mazima, hayajasagwa. Kama dawa ingekuwa ndani ya jani, kwa nini lisitafunwe?

Jibu lilipatikana kwa kuchambua kinyesi kwa subira. Pamoja na majani walikutwa minyoo, baadhi wakiwa bado hai. Jani gumu lenye vinywele vidogo, likiingia kwenye tumbo tupu, huufanya utumbo uharakishe kusukuma vilivyomo. Minyoo husombwa kama taka mtaroni. Tabia hii huonekana zaidi kipindi cha mvua, wakati ambao minyoo nayo huongezeka.

Watoto wa sokwe hawazaliwi wakijua haya. Mtoto wa sokwe huwa na mama yake kwa miaka mingi, akinyonya mpaka miaka minne au mitano, na muda wote huo macho yake yako kwenye mikono ya mama. Anatazama mama anachovunja, anachotupa na anachoweka mdomoni.

Elimu hiyo hutofautiana kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Sokwe wa Gombe, kaskazini mwa Kigoma, ni mabingwa wa kuvua mchwa kwa vijiti. Wale wa kundi M huko Mahale hutumia vijiti kuvua chungu wanaoishi ndani ya miti. Mahale pia wawili wakikaa kuchambuana manyoya hushikana mkono mmoja juu ya vichwa vyao, jambo lisilo la kawaida Gombe. Ni kama mila za makabila mawili yanayokaa ziwa moja.

Utafiti wa dawa za wanyama umeendelea kupanuka. Mwaka 2024, watafiti waliofuatilia sokwe wagonjwa na waliojeruhiwa katika msitu wa Budongo, Uganda, walipima mimea 13 waliyoonekana kuila. Asilimia 88 ya sampuli zilizuia bakteria kukua maabara. Mwaka huohuo iliripotiwa habari ya orangutani wa Sumatra, Indonesia, aliyetafuna majani ya mmea wa dawa na kupaka utomvu wake kwenye jeraha la usoni.

Mama, dada na mtoto mlemavu

Si kila ugonjwa una mti wake. Januari 2011, katika kundi M, jike aliyeitwa Christina alijifungua mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa. Hakuweza kukaa mwenyewe, na hakuweza kujishikilia vizuri kwenye manyoya ya mama kama watoto wengine wa sokwe wafanyavyo.

Christina alimbeba kwa mkono, hata pale ambapo mkono huo ulihitajika kupanda mti. Dada mkubwa wa mtoto alisaidia kumbeba na kumtunza, mama akapata nafasi ya kula. Watoto wake wa awali Christina aliwahi kuwaachia majike wengine wawashike. Huyu hakumwachia mtu wa nje ya familia.

Mtoto aliishi karibu miaka miwili, jambo ambalo watafiti hawakulitarajia porini. Alitoweka mwishoni mwa 2012, kipindi ambacho dada yake naye alikuwa amepata mtoto wake mwenyewe wa kulea. Mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu haitaji kuelezwa maana ya ile mikono miwili ya ziada, wala kinachotokea inapokosekana.

Ugonjwa unaopanda mlima na mgeni

Mwaka 2006, kati ya Juni na Julai, kikohozi na mafua makali viliingia kundi M. Sokwe wapatao 12 walikufa au kutoweka. Vipimo vilionyesha kirusi cha njia ya hewa ambacho ni cha binadamu, kile kile ambacho kwa mtoto wa mjini huleta mafua, kikohozi na wakati mwingine nimonia.

Katika kundi la sokwe 60 na ushei, hao 12 ni karibu mmoja katika kila watano. Jike huzaa mara moja kila miaka mitano au sita, kwa hiyo pengo hilo huchukua miaka mingi kuzibika. Likifa jike lenye mtoto anayenyonya, mtoto naye hana matumaini makubwa. Hupotea pia kile ambacho mtoto huyo angejifunza kwa kumtazama mama.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1966, polio iliwashambulia sokwe wa Gombe wakati ambapo watu wa mkoa huo nao walikuwa wakiugua. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Sokwe na binadamu wana undugu wa karibu sana kimaumbile, na maradhi yetu huingia miilini mwao bila kubisha hodi. Mti mchungu wa mjonso haujulikani kutibu kirusi cha mafua.

Ndiyo maana barakoa ilikuwa sharti Mahale miaka mingi kabla ya Uviko-19. Mgeni huivaa anapokaribia sokwe, hukaa umbali usiopungua mita 10, huwa katika kundi dogo la watu, na muda wake ukifika saa moja huondoka hata kama sokwe ndiyo kwanza wamechangamka. Haruhusiwi kula, kutema mate wala kujisaidia karibu nao. Mwenye mafua au kuhara hubaki kambini.

Kabla familia haijafunga safari

Miezi ya kiangazi, hasa Julai hadi Oktoba, ndiyo mizuri zaidi, maana njia hazitelezi na sokwe huonekana kwa urahisi. Matembezi yanaweza kuwa ya nusu saa au ya kutwa nzima, yote kwa kupanda mlima. Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenye msafara wa sokwe, hivyo mzazi aulize umri unaokubalika kabla hajalipa. Pia ahakikishe chanjo za watoto ziko sawa. Chanjo ya surua au polio inamlinda mtoto, na inawalinda wenyeji wa msitu.

Kuhusu minyoo, binadamu hana haja ya kumwiga Chausiku. Mtoto asipewe maji ya mti mchungu yaliyochemshwa nyumbani kwa kukadiria, kwa kuwa hakuna anayejua kipimo kinachomfaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto kuanzia umri wa miezi 12, wanaoishi maeneo yenye minyoo mingi, wapewe dawa ya minyoo mara moja au mbili kwa mwaka. Dawa hiyo hutolewa zahanati na shuleni. Kunawa mikono, kuvaa viatu na kutumia choo bora ndiko kunakomaliza kazi.

La kuiga kwa Chausiku ni lingine. Hata yeye aliyekuwa mgonjwa alichagua tawi, akaondoa gome na majani, akachukua kile alichokijua tu. Na mgeni anayeamka kambini Mahale akiwa na kikohozi ana uamuzi wake wa kufanya asubuhi hiyo. Safari ni ya gharama na boti huenda haitarudi mapema, lakini huko juu mlimani kuna mama aliyembeba mtoto, na mtoto huyo bado ana miaka mingi ya kujifunza.