Kidonda Kidogo, Kazi Kubwa

Hapa Kisangani, kutoka Makiso hadi Mangobo, sifa za upasuaji wa matundu madogo zimeenea. Husemwa kwamba mgonjwa hapasuliwi tumbo tena, hutobolewa tu, na upesi hurudi nyumbani. Sifa hizo zina ukweli: maumivu hupungua, na kidonda hupona mapema. Lakini sisi tunaotembelea wagonjwa tumewaona wengine wakiitwa wavivu kwa kuwa kovu lao halionekani. Tukumbushane basi: udogo wa kidonda haupimi kazi iliyofanyika ndani.

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Tumbo lake hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, likainuka kama hema. Kisha kamera na vyombo virefu hupitishwa katika matundu ambayo mengi yana upana wa milimita 5 hadi 10. Daktari hutazama kioo, wala vidole vyake havigusi kiungo. Chombo cha kwanza kinaweza kutoboa utumbo au mshipa mkubwa wa damu. Tundu la utumbo laweza kufichika siku ile, likajulikana baada ya siku kadhaa, uchafu ukiwa umekwisha kuenea tumboni.

Mwaka 1985 daktari Mjerumani Erich Mühe alitoa kibofu cha nyongo kwa njia hii. Ilipoenea Ulaya na Marekani, ajali za kuumiza mrija wa nyongo ziliongezeka, maana wapasuaji wengi walikuwa bado wanajifunza. Chombo kipya hakimfanyi mtu fundi. Katika nchi yetu, Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilifundishwa njia hii na daktari Mbelgiji Guy-Bernard Cadière, aliyekwenda huko mara nyingi akipasua bega kwa bega na wenyeji.

Nasi tunaujua umeme wetu wa bwawa la Tshopo: hukatika bila kuaga. Kioo kikizimika, daktari hana macho. Kwa hiyo, kabla familia haijauza shamba ili kulipia, na iulize kwa heshima: Daktari, kazi hii umeifanya mara nyingi? Jenereta ipo? Ikibidi kulifungua tumbo, mko tayari? Kuuliza si kumdharau. Na daktari anayegeuza njia katikati ya kazi hajashindwa. Ameuchagua uhai wa mgonjwa.

Mgonjwa akirudi nyumbani, asitwikwe ndoo ya maji wala asirudishwe shambani mpaka daktari aruhusu. Maumivu ya bega kwa siku moja au mbili huletwa na ile hewa, nayo hupita. Lakini tumbo likizidi kuuma au kuvimba, homa ikipanda, akitapika, au macho yakigeuka manjano, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kwa baiskeli ya toleka. Asiambiwe avumilie kwa kuwa kidonda ni kidogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi vikundi vyetu vinapochanga kwa ajili ya mgonjwa, visiishie kwenye gharama ya chumba cha upasuaji. Vitenge pia akiba ya safari ya kurudi hospitalini, na vichague vijana wawili wa kumchotea maji katika majuma yanayofuata.