Barua za Nesi, sehemu ya 9: Jani la isale na jicho lililovimba

Wengi mmeniandikia kuhusu ugomvi nyumbani baada ya kujifungua. Leo naomba tuanzie kwenye mmea.

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu, utaukuta pembeni mwa vihamba: kichaka chenye majani marefu, mapana kama ya mahindi. Ndiyo isale. Wataalamu wanauita Dracaena fragrans. Ni mmea wa asili wa misitu ya Afrika, na maua yake meupe hunukia usiku. Kata kipande cha shina, chomeka ardhini, kinachipua. Ndiyo maana wazee waliupanda kwenye mipaka ya vihamba.

Ulaya na Marekani wanauweka sebuleni kama pambo. Kwetu Uchagani una kazi nzito zaidi: kuomba radhi. Aliyekosa anapeleka jani la isale, na kwa mila aliyekosewa hatakiwi kulikataa.

Sasa utaniuliza, nesi na majani wapi na wapi? Mama aliyejifungua analetewa mtori, anapumzika ndani, anawategemea wenzake kwa kila kitu. Akitupiwa maneno makali, hata maziwa yanaweza kuchelewa kushuka. Kwa hiyo baba, mama mkwe, wifi: mkikosea msisubiri. Pelekeni isale mapema, hata kama ni kwa mdomo tu.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Nimewahi kumhudumia mama mwenye mtoto wa wiki 6, jicho limevimba. Nikamuuliza. Akanong'ona, "Dada, isale imeshaletwa. Nikisema tena nitaonekana nadharau mila." Na haikuwa mara ya kwanza kuletewa.

Mdogo wangu, sikiliza. Wazee wetu hawakuchagua mimea miwili. Mmea unaosema "nisamehe" ndio huo huo unaosema "usivuke hapa." Anayeleta jani leo na ngumi kesho, huyo ameng'oa mpaka. Kumsamehe ni hiari ya moyo wako, ila kukaa upigwe si sehemu ya msamaha. Na kusema ulivyoumia si kudharau mila.

Ukija kliniki umeumia, mwambie nesi ukweli, usiseme umeanguka bafuni. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure. Na kama unalia kila siku, au hulali hata mtoto akilala, na imepita wiki 2, njoo. Huo ni ugonjwa, una matibabu, si uvivu wala kudeka.

Mtumie ujumbe huu mwenzako aliyejifungua karibuni, halafu mpigie umsikie sauti. Kesho tutaongelea kitovu cha mtoto: nini cha kupaka, nini usipake kabisa. Usiku mwema.